Raynox DCR-250 kwa wadudu wa Kisumu na Kakamega: inafaa, bora uwe na flashi

Wacha nianze na jibu ndio wenye haraka waende zao. Kama tayari uko na kamera ya kubadilisha lenzi, haijalishi ni ya zamani aje, na uko na ile lenzi ya zuum inafika mm 200 ama 250, na unataka kuanza kupiga wadudu picha za karibu, nunua Raynox DCR-250 alafu pesa yenye imebaki nunua flashi. Lenzi ya makro, ile maalum ya picha za karibu, iache kwanza. Hiyo ndio rivyuu yangu yote, wenye wako na muda tuendelee.

Sasa hii kitu si lenzi ya kufunga kwa kamera, ni kioo kidogo kinakaa mbele ya lenzi yako, kwa ule mdomo wa kuweka filta. Inatoka Japani na nguvu yake ni dayopta 8, dayopta ni kipimo cha nguvu ya kioo. Ndani kuna vioo vitatu vimepangwa kwa makundi mawili, na hapo kwa vioo vitatu ndio pesa yako imeenda, nitaeleza. Inakuja na kishikio cha plastiki chenye masikio mawili ya springi, unafinya, unakiweka kwa mdomo wa lenzi, unaachilia, imekaa. Kishikio kinashika lenzi yenye filta ya kuanzia mm 52 mpaka 67, kwa hivyo zile zuum nyingi za Canon na Nikon ziko ndani. Mimi natumia na Canon 600D na ile 55-250, filta yake ni mm 58, inakaa vizuri kabisa. Wale wa 50mm f/1.8 STM poleni, hiyo ni 49, kishikio hakiwezi, itabidi utafute ringi ya kupandisha saizi, na hata ukipata, 50 na hii kioo haikupeleki mbali, utaona kwa hesabu.

Bei sitasema shilingi kwa shilingi juu inategemea umeagiza kutoka wapi na dola iko aje hiyo wiki, lakini ni elfu kumi na kitu, ukiongeza usafiri na ushuru inapanda kidogo. Linganisha na Canon 100mm f/2.8L ya makro, ile ya tangu 2009, hiyo mpya unaongea laki na zaidi. Na ile MP-E 65 ya Canon, ya 1999, yenye inaanza 1x (mdudu anatua kwa sensa ya kamera kwa saizi yake halisi) mpaka 5x, hiyo ilishaacha kutengenezwa na wenye wako nayo hawaiuzi ovyo.

Najua kuna mtu ashaanza kuniambia ati kuna zile seti za filta za kukuza, nne kwa kapochi kamoja, +1, +2, +4 na +10, bei ya chakula cha mchana. Zipo, na kwa maua ziko sawa. Kwa wadudu hapana. Zile ni kioo kimoja tu kila moja, na kioo kimoja hakiwezi kukutanisha rangi zote mahali pamoja, kwa hivyo kila mguu wa mdudu unapata kamstari ka zambarau upande mmoja na ka kijani upande mwingine, alafu ukienda pembeni mwa picha kila kitu kimevutwa kama kimepakwa mafuta. Vile vioo vitatu vya Raynox kazi yake ni kurekebisha hiyo maneno. Chukua siafu, mdudu mweusi anang'aa, mpige kwa jani lenye mwanga nyuma, hapo utaona tofauti bila mtu kukuonyesha.

Hesabu sasa, na ni rahisi. Dayopta 8 maana yake ni mm 1000 ugawe kwa 8, unapata 125. Lenzi yako ikiwa imewekwa fokasi ya mbali kabisa, chukua zuum uliyoko ugawe kwa 125. Mm 250 unapata 2x. Mm 100 unapata 0.8x. Mm 55 unapata kama 0.44x. Hiyo 2x inamaanisha nini kwa mtu wa kawaida? Sensa ya 600D ina upana wa mm 22.3, kwa hivyo ukiwa 2x picha yako yote, kutoka ukingo mpaka ukingo, inabeba kitu cha mm 11 tu. Nyuki wa asali hatoshei. Kichwa na mabega yake ndio yanaingia. Na lenzi ya makro ya laki ile ya juu inaishia 1x. Ndio nasema hii kioo ni mwizi wa mchana, inakupa zaidi ya ile ya bei kubwa na inakaa kwa mfuko wa shati.

Kitu kingine kizuri, na hiki watu hawakiongelei sana, ukizungusha zuum umbali wa mdudu haubadiliki. Uko 55, mdudu ako karibu sentimita 12 kutoka kioo. Uko 250, bado ni pale pale. Kwa hivyo unamtafuta ukiwa umezuum nje, unamuona mzima, alafu unavuta pole pole mpaka macho yake yajaze skrini, unarudi nyuma kidogo tu vile lenzi inarefuka, kioo hakijamsogelea. Na wadudu wanaogopa kitu kinasonga, hawajali sana kitu kimekaa.

Hapo Kisumu mahali pa kufanyia mazoezi ni kwako kwa veranda. Sifanyi mzaha. Kila mtu wa Kisumu anajua wale wadudu wa ziwa, wale wanatoka Victoria kama moshi, ukiwa kwa mbali unadhani kuna mtu anachoma nyasi katikati ya maji, na mara nyingi wanakuja na mwezi mchanga. Usiku wanavamia taa ya nje, asubuhi ukuta wote chini ya balbu ni wao, wengine wamekufa, wengine wamechoka tu wamekaa. Watu wanachukua fagio. Wewe chukua kamera. Mdudu mmoja ni milimita chache, kwa macho ni kitu kama mbu mnyonge wa rangi ya kijani ya kufifia ama kahawia, hauma, hana maana yoyote. Mweke 2x. Ukipata dume utaona vipapasio vyake si nyuzi, ni manyoya, kila kimoja kina vinywele vinatoka pande zote, virefu vya katikati vifupi vya ncha, na vinasimama wima kabisa hata mdudu mwenyewe akiwa amelala upande. Vile vinywele kazi yake ni kusikia mlio wa mabawa ya jike kwa lile wingu la wadudu. Chini ya vipapasio kuna jicho jeusi lenye vijicho vidogo vingi vimepangana safu safu, na kama umepata mwanga sawa unaweza kuviona kimoja kimoja. Jike hana hiyo manyoya, ana vipapasio vya kawaida tu. Miaka yote umekuwa ukiwafagia na hukujua kuna wa kike na wa kiume.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alinipata nimepiga magoti nikiangalia ukuta. Akaniuliza, "Wewe kijana, huo ukuta umekukosea nini?" Nikamwambia, "Hapana mama, napiga hawa wadudu picha." Akaangalia ukuta, akaniangalia, akasema, "Basi ukimaliza wafagie." Nikamuonyesha kwa skrini ya kamera. Alikaa kimya kidogo alafu akaita mtoto wake aje aone. Kufagia bado nilifagia.

Lakini ngoja, hapo kwa veranda kuna jua na ukuta ni mweupe, kila lenzi inaonekana mzuri. Mtihani ni Kakamega. Ule msitu ndio kipande cha Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na ndani kuna vipepeo wanahesabiwa kwa mamia, kuna Goliathi, yule mbawakawa mkubwa mpaka unadhani ni toi, kuna siafu, kuna kila aina ya nzi. Pande ziko mbili, Buyangu kaskazini ambayo iko chini ya KWS, lile shirika la wanyamapori, na Isecheno kusini ambayo ni ya Kenya Forest Service, na zote mbili utapata mwongozaji wa kukutembeza, mchukue juu macho yake yanaona vitu yako hayaoni. Shida ni moja. Ndani ni giza. Saa nne asubuhi nje jua linachoma, wewe uko chini ya miti mikubwa unaona kama saa kumi na mbili jioni. Sasa kwa makro unataka f/11 hivi, yaani tundu la lenzi limebanwa, ndio angalau kasehemu ka uso wa mdudu kawe kwa fokasi, na unataka shata ya 1/200 ya sekunde ndio mkono usitingishe picha, weka hizo mbili hapo ndani bila flashi, pandisha ISO (vile kamera inasikia mwanga) mpaka 3200, bado unapata picha nyeusi.

Na hapa ndio nilipendea Raynox kuliko tyubu. Tyubu ni zile ringi hazina kioo unaweka kati ya kamera na lenzi, seti nyingi ni tatu, jumla kama mm 65 ama 68. Ni za bei nafuu na hazina kioo cha kuharibu picha, hilo ni kweli, wengi wanazisifu. Lakini weka seti nzima kwa lenzi ya 50 na umepoteza mwanga zaidi ya mara tano. Ukiangalia kwa kitundu cha kamera kumekuwa giza, mdudu mwenyewe humuoni wa kumfokasi, na uko sentimita chache tu kutoka kwake kwa hivyo lenzi yenyewe inamziba mwanga kidogo uliobaki. Raynox haili mwanga. Ikiwa f/5.6 kabla uweke, ni f/5.6 ukishaweka. Kwa Kisumu mchana hiyo tofauti haikusumbui. Kwa Isecheno ndio tofauti ya kupata picha na kurudi nyumbani na stori.

Kuna nzi mmoja huko, anapenda majani ya chini karibu na vijito, mahali pa unyevu na kivuli, macho yake yako mwisho wa vijiti viwili vimetoka kando ya kichwa kama pembe. Si hadithi, yuko, na ni mdogo, ukipita haraka unadhani ni chungu amebeba kitu. Ukimpata mmoja ngoja, mara nyingi wako kadhaa kwa jani moja, na madume wawili wakikutana wanasimama uso kwa uso, wanapima nani ako na vijiti virefu, mwenye vifupi anaondoka. Hakuna ngumi. Kwa 2x ukiwa sambamba na uso wake unaona kila kijiti kina jicho jekundu la kahawia kwa ncha, na hapo hapo karibu na jicho kuna kipapasio, yaani hata pua yake imeenda kukaa huko nje. Ukimpiga kwa upande jicho moja ndio linapata fokasi na lingine ni ukungu, kwa hivyo lazima uwe mbele yake kabisa, sentimita 12, na umsogelee kama mtu anatembea kwa nyumba ya mtoto amelala. Hapo ndio uvumilivu unaisha watu wengi.

Kuhusu hiyo fokasi, sitaficha. Kwa 2x na f/11, sehemu yenye iko kali ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipumua imehama. Autofokasi zima kabisa, inatafuta mbele nyuma mpaka mdudu anazeeka. Weka fokasi ya mkono, usiguse ringi tena, wewe mwenyewe ndio unasonga mbele na nyuma polepole sana na unabonyeza jicho likikaa kali. Shika shina la mmea na mkono wa kushoto, kamera iegemee hapo hapo kwa mkono, mdudu na lenzi vitingishike pamoja. Wengine wanapiga picha nyingi kila moja imesonga kidogo alafu wanaziunganisha kwa Zerene Stacker ama Helicon Focus, inakubali, lakini inataka mdudu mtulivu na kompyuta yenye haikohoi.

Sasa flashi. Ile ya juu ya kamera yenyewe, ile inaruka, haitoshi vile ilivyo, na sababu si nguvu, nguvu iko. Sababu ni kwamba lenzi ikiwa 250 imetoka nje ndefu, mwanga unatoka juu na nyuma, lenzi inatupa kivuli juu ya mdudu. Unahitaji kuleta mwanga mbele, na unahitaji kuulainisha, juu wadudu wengi wanang'aa kama sufuria mpya na flashi uchi inaacha doa jeupe mgongoni na huoni kitu. Difyuza za kununua zipo, sijaona sababu ya kununua. Chupa nyeupe ya plastiki ya yogati ya lita mbili, utapata kwa mama yeyote soko la Kibuye hapo Kisumu, kata sehemu ya chini, kata shimo la lenzi ipite, funika flashi nayo. Ndani mbele ya taa weka ile sponji nyembamba nyeupe ya kufungia skrini ya televisheni mpya, tabaka mbili. Juu bandika foili ya jikoni mwanga usipotee angani. Inaonekana takataka, kweli, kondakta mmoja wa matatu ya Kakamega aliniuliza kama nabeba maziwa kwa hiyo kamera, lakini mwanga unatoka mpana na laini, na ule mng'aro mgongoni mwa mbawakawa unageuka kuwa rangi.

Flashi ya nje ya kawaida, ile unajipangia nguvu mwenyewe, ndiyo bora kuliko ya kamera. Iweke nguvu ya chini, 1/16 ama 1/32 ya nguvu yake yote, kwa sentimita 12 hiyo inatosha kabisa. Faida yake ni mbili, betri inadumu, na flashi ikiwa chini inawaka kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko shata yenyewe, kwa hivyo hata mkono ukitetemeka kidogo picha imesimama. 600D inakubali flashi mpaka 1/200, usizidishe hapo utapata mstari mweusi kwa picha.

Kwa wale wa Nakuru, nyinyi mko na kitu Kisumu hatuna. Baridi. Nakuru iko kama mita 1850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1130, na hiyo tofauti mdudu anaisikia. Kisumu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tayari wameamka, unanyoosha lenzi ameshaenda. Nikienda kwa brathe yangu Nakuru natoka nje jua halijachomoza, na wadudu wote wamelala na umande juu yao, hawawezi kuruka mpaka wapate joto. Hapo ndio unapata wale nyuki wa peke yao, wenye mistari ya buluu tumboni, wanalala wameuma shina kavu kwa meno, miguu imekunjwa, mwili wote umening'inia hapo hewani umeshikwa na taya tu. Mara nyingi madume kadhaa kwa kijiti kimoja, mmoja juu ya mwingine. Nyuki wa hivyo ni milimita kumi na kitu, kwa hivyo rudisha zuum 150 ama 180 ndio aenee, na uko na dakika za kutosha, hakuna mtu anakukimbiza. Tembea kwa ua ambao haujakatwa, angalia vijiti vikavu. Bustani iliyopigwa pasi haina kitu.

Kwa wadudu wa usiku na wa mvua, tahadhari mbili. Moja ni yule mwembamba mwekundu na mweusi, Nairobi fly. Haumi, sumu iko ndani ya mwili, ukimponda kwa ngozi ndio unachomeka. Mpige picha, akipanda mkononi mpulize, usimpige kofi. Ya pili ni siafu kwa njia za msituni, ingiza suruali ndani ya soksi ama vaa gambuti, juu ukiwa umepiga magoti umeshikilia pumzi ndio wanapanda, na unajua wanapanda mpaka wapi. Na tafadhali hii maneno ya kuweka wadudu kwa friji ndio watulie, acha. Picha inaonekana tu, miguu imekaa vibaya.

Mabaya ya hii kioo, mbali na hiyo fokasi nyembamba. Ukiiweka huwezi tena kuona mbali, yaani kipepeo akitua mita moja kutoka kwako humpati mpaka uitoe. Kishikio cha springi ni cha haraka lakini ni springi, ukipita kwa vichaka kinaweza kusukumwa na tawi, kwa hivyo kwa msitu mimi sitegemei hicho. Kioo chenyewe nyuma kina uzi wa mm 43, nunua ringi ya kutoka saizi ya lenzi yako, yangu ni 58, kuja 43, unakaza kwa skrubu, sasa imekuwa sehemu ya lenzi na utembee. Kwa lenzi ya 18-55 pia inaingia, lakini ukienda upande wa 18 pembe zote zinakuwa nyeusi, utumie 55 tu, na hapo unapata ile 0.44x, ambayo ni panzi na vunjajungu, si mbaya. Na watu wa simu, hii si yenu, kishikio hakina mahali pa kushika.

Kakamega kuna unyevu na mvua mara nyingi inanyesha mchana, piga asubuhi, alafu ukifika nyumbani usifungie vifaa kwa begi lenye unyevu. Kuvu inaingia kwa kioo kama utando wa buibui na fundi wa kuitoa ni bei. Zile pakiti ndogo za chembe chembe zinakuja kwa boksi la viatu, usitupe, weka kwa mkebe wa plastiki unafunga kabisa pamoja na lenzi.

Swali la mwisho najua linakuja, kati ya DCR-250 na ndugu yake DCR-150 mtu achukue gani. 150 ni dayopta 4.8, kwa hivyo gawa kwa kama 208. Kwa 250 unapata 1.2x na uko karibu sentimita 20 kutoka kwa mdudu. Kama wewe ni mtu wa vipepeo, ama wale kereng'ende wa kwa mafunjo ya Dunga kando ya ziwa Kisumu, chukua 150 na usifikirie mara mbili, kereng'ende hakupi sentimita 12 hata umwombe, na akikupa hatoshei. Kama ni wadogo, wadudu wa ziwa, siafu, wale nzi wa macho ya vijiti, buibui warukaji wa ukutani, hapo ni 250. Zote mbili zinatumia kishikio kile kile, kwa hivyo mkiwa marafiki wawili mmoja anunue hii mwingine ile, mbadilishane.